Binti wa Kibohora: Sura Isiyo na Jina

Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyesomea Ujerumani, alifika Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945. Safari ya pili ndiyo iliyozaa "Bahora Girl", picha ya mafuta ya binti wa Kibohora, jamii ndogo ya Waislamu wenye asili ya Uhindi. Stern alipaka rangi nzito, alama za brashi zikibaki wazi, na picha zake kadhaa za huko alizitia fremu za mbao za nakshi zilizotolewa kwenye milango ya Unguja. Ufundi huo unastahili sifa zote. Hata hivyo, anwani inataja jamii tu. Aliyeketi mbele ya mchoraji hatajwi, na kwa sababu hiyo tunahesabu kazi hii kuwa nusu ya picha ya mtu.

Wapo watakaosema ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile. Lakini miaka kama arobaini kabla ya hapo, Isidre Nonell wa Barcelona, aliyechora wanawake maskini wa Kiroma waliodharauliwa mjini humo, aliita picha moja ya 1904 "La Paloma", kwa jina la mwanamke mwenyewe, ingawa nyingine aliziita "Gitana" tu. Hoja ya stara ina uzito zaidi: huenda familia haikutaka binti yao atajwe hadharani. Stara, hata hivyo, haielezi kwa nini mwanamume katika "Arab Priest" ya Stern, iliyochorwa mwaka huohuo wa 1945, naye hakutajwa.