Kijana Aliyekataa Msimamizi wa Baba Yake

Katikati ya karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ukifika Tabora ulipaswa kuchagua njia: kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, au magharibi kuelekea Ujiji. Mitumba ya vitambaa vya marekani na kaniki iliingia bara, pembe za ndovu zikashuka pwani. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani na mzigo begani alikuwa bado hajauthibitisha uanaume wake. Watoto walizoezwa mapema kwa kubebeshwa pembe ndogo.

Miongoni mwa matajiri wa Tabora alikuwa Muhammed bin Juma el Murjebi, aliyemwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Ndoa hiyo ilimpa sauti kubwa Tabora. Mwanawe Hamed, mzaliwa wa Unguja, alianza biashara ndogondogo akiwa na miaka 12, na alipotimiza kama 18 akamfuata baba yake bara. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama Tippu Tip.

Baba na mwana walipofika Ujiji, mvutano ulizuka kati yao. Mzee aliamua kurudi Tabora na kumwacha Hamed avuke Ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara wengine, waende nchi ya Urua kutafuta pembe. Lakini mali hakumkabidhi mwanawe. Aliiweka chini ya mtu wa Mrima, yaani pwani ya bara, kijana awe mfuasi tu.

Hamed akakataa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliyoyaandika kwa Kiswahili uzeeni, alimwambia baba yake kwamba hatasafiri chini ya msimamizi huyo, afadhali warudi wote Tabora. Kukataa huko kulikuwa na ujasiri, lakini kulikuwa na majivuno pia: kijana wa ukoo wa Kiarabu hakutaka kuamrishwa na Mswahili wa pwani, hata kama mtu huyo aliijua kazi kuliko yeye. Yote mawili yanafaa kukumbukwa.

Baba akalegeza. Mali yote ikaingia mikononi mwa Hamed.

Huko Urua, kwa mtawala Mrongo Tambwe, wenzake waligombea pembe kubwa. Hamed aliona kuwa ndogo zinauzwa rahisi, akazinunua hizo, kisha akarudi Tabora na mzigo wake. Hapo ndipo kipaji chake kinapoonekana wazi, kwa sababu ubishi wa Ujiji peke yake ungeweza kuwa wa kijana yeyote mkaidi. Baadaye alichukua bidhaa kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Unguja, akaongoza misafara yake mwenyewe badala ya kungoja mtaji wa baba.

Uhuru huo ulilipiwa na watu wengine. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa kote, akamshinda kwa bunduki na kuondoka na shehena kubwa ya pembe pamoja na mateka. Mpelelezi David Livingstone alikutana naye mwaka huohuo, vita vikiwa bado vinazungumzwa vijijini. Huenda baadhi ya waliotekwa siku zile walikuwa vijana wa umri kama wa Hamed alipokuwa Ujiji akibishana na baba yake.