Migogoro ya uharibifu wa mali wakati wa kuangalia nyumba

Migogoro ya uharibifu wa mali wakati wa kuangalia nyumba ni mivutano inayotokea pale mtu anayetafuta nyumba ya kupanga au kununua, au dalali aliyemleta, anapovunja au kuharibu kitu bila kukusudia kabla ya makubaliano yoyote ya pango au mauzo kufikiwa. Swali kuu huwa ni nani alipe: mgeni, dalali, mpangaji anayeishi humo au mwenye nyumba mwenyewe. Nchini Tanzania jambo hili huamuliwa kwa kanuni za jumla za sheria ya madhara na sheria ya mikataba, lakini mara nyingi humalizwa kwa usuluhishi katika ngazi ya kitongoji, kijiji au kata.

Mazingira

Kibuta ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, wilaya inayopakana na Dar es Salaam. Katika wilaya za Kisarawe na Kibaha watu wengi kutoka jijini hutafuta viwanja, mashamba, mapagale na nyumba za kupanga. Kwa sababu hiyo kuangalia nyumba mara nyingi huendana na kuzunguka eneo lote: vyumba, choo cha nje, kisima au tangi la maji, mipaka na miti iliyopandwa.

Kwa kawaida mgeni huletwa na dalali, ambaye hupata malipo yake biashara ikikamilika. Kwa nyumba za kupanga malipo hayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Madalali wengi hutoza pia fedha kidogo kwa ajili ya kuzungusha mteja. Mwenye nyumba huenda hayupo, na funguo zimeachwa kwa jirani, mlinzi au mpangaji anayehama. Hali hii ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi, kwa kuwa anayedai fidia hakuona kilichotokea.

Aina za uharibifu

Vitu vinavyoharibika mara kwa mara ni:
- vitasa, bawaba na funguo zinazokatikia ndani ya kitasa;
- vioo vya madirisha, hasa vile vya luva;
- sinki, bomba na koki zinazofunguliwa ili kujaribu maji;
- swichi na soketi za umeme;
- dari ya jipsamu au mbao inapokanyagwa na anayepanda kukagua paa;
- kifuniko cha shimo la choo, ambacho kikivunjika kinaweza pia kumjeruhi mgeni;
- mihogo, miche ya minazi au mikorosho inayokanyagwa au kugongwa na gari wakati wa kuangalia shamba;
- mawe ya mpaka yanayong'olewa au kusogezwa.

Msingi wa kisheria

Kanuni za uzembe zinazotumika Tanzania Bara zinatokana na sheria ya kawaida ya Uingereza, iliyopokelewa kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Kesi maarufu ya Donoghue v Stevenson, iliyoamuliwa mwaka 1932, iliweka msingi kwamba kila mtu ana wajibu wa kuchukua tahadhari ili asiwadhuru wale ambao angeweza kutambua kuwa wataathirika na matendo yake.

Kwa hiyo kuvunja kitu peke yake hakutoshi kumfanya mtu alipe. Anayedai anapaswa kuonesha mambo matatu: kwamba mgeni alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba hakuwa mwangalifu kama mtu mwenye busara angekuwa, na kwamba hasara ilitokana na uzembe huo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai, na kipimo katika madai ni kuonesha kuwa jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Mgeni anayefungua dirisha kwa kawaida, nalo likaanguka kwa kuwa bawaba zilishaoza, si mzembe. Anayepanda juu ya dari bila kuuliza, au anayelazimisha kitasa kilichokwama baada ya kuonywa, yuko katika hali tofauti. Kama pande zote mbili zilichangia hasara, fidia inaweza kupunguzwa kulingana na mchango wa kila mmoja. Mtoto akivunja kitu, mzazi hawajibiki kwa sababu tu ni mzazi. Huangaliwa kama mzazi mwenyewe alizembea kumsimamia.

Jinai na madai

Chini ya Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), kuharibu mali ni kosa la jinai pale linapofanywa kwa makusudi na kinyume cha sheria. Ajali wakati wa kuangalia nyumba haina makusudi hayo, hivyo ni suala la madai. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya watu hutishia kumpeleka mgeni polisi, au kuzuia simu au pikipiki yake mpaka alipe. Deni la madai halimpi anayedai haki ya kujichukulia mali ya mwenzake. Kitendo hicho kinaweza kumfanya yeye ndiye ashtakiwe.

Nafasi ya dalali

Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) ina sehemu inayohusu uwakala. Dalali aliyepewa kazi na mwenye nyumba anatakiwa kuifanya kwa uangalifu, na akimsababishia hasara kwa uzembe wake anaweza kuwajibika. Akifungua mlango kwa nguvu kwa sababu alisahau ufunguo, hasara hiyo si ya mgeni. Ugumu hutokea pale dalali anapoonesha nyumba bila kutumwa na mwenye nyumba, jambo linaloweza kutokea madalali wanapopeana taarifa wao kwa wao. Hapo anaweza kuhesabiwa kuwa ameingia bila idhini.

Mpangaji anayeendelea kuishi katika nyumba ana haki ya kuitumia kwa utulivu. Vyombo vyake vikivunjwa, mwenye kudai ni yeye na si mwenye nyumba.

Kiasi cha fidia

Lengo la fidia ni kumrudisha aliyepata hasara katika hali aliyokuwa nayo, si kumtajirisha. Iwapo koki ya zamani iliyokuwa ikivuja imekatika, haki ni gharama ya kurekebisha kwa kuzingatia uchakavu wake, si bei ya bomba zima jipya. Anayedai pia hutakiwa kuzuia hasara isiongezeke, kwa mfano kwa kufunga maji mapema badala ya kuyaacha yamwagike mpaka mgeni arudi.

Utatuzi

Hatua ya kwanza kwa kawaida ni mazungumzo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au kijiji, na fundi huitwa kukadiria gharama. Ikishindikana, jambo hupelekwa kwenye baraza la kata. Mabaraza hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi baraza la kata husuluhisha tu wala halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mhusika anaweza kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata hivyo dai la kioo au kitasa haligusi umiliki wa ardhi, hivyo usuluhishi ukishindikana hupelekwa katika mahakama za kawaida.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza, pamoja na mengine, madai ya sheria ya mila na madeni yatokanayo na mkataba. Ndiyo maana hati fupi ya makubaliano, yenye kiasi, tarehe, sahihi na mashahidi, ina uzito: inageuza ugomvi kuhusu uzembe kuwa deni la kawaida. Muda wa kufungua dai la madhara ni miaka 3, na la mkataba ni miaka 6.

Nchini Kenya madai madogo ya uharibifu wa mali hupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya.

Kuzuia migogoro

Njia zinazosaidia ni mwenye nyumba au mwakilishi wake kuwapo, kumweleza mgeni vitu vibovu kabla hajavigusa, kupiga picha za vyumba, na kumwachia mwenyeji kazi ya kufungua milango, koki na swichi. Mgeni naye hushauriwa kuomba ruhusa kabla ya kujaribu kitu chochote, na kutaja papo hapo kilichoharibika mbele ya shahidi badala ya kuondoka kimya.

Tazama pia
- Dalali
- Kibuta
- Wilaya ya Kisarawe
- Baraza la kata
- Mahakama ya Mwanzo