Chupa Iliyorudi: Uchaguzi na Utumiaji Upya wa Chupa katika Historia ya Bia ya Nyumbani, Uingereza na Marekani, 1615–1979

1.0 Utangulizi

Historia ya bia imeandikwa zaidi kwa kufuata viwanda, kodi na sheria za leseni. Chombo kinachobeba bia hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba chupa ni jambo la mwisho lisilo na historia yake. Kwa kiwanda, huenda mtazamo huo unatosha, maana kiwanda huagiza chupa kinazozitaka. Kwa mtu anayetengeneza bia nyumbani hali ni tofauti. Hana tanuri la kioo wala uwezo wa kuagiza maelfu ya chupa. Hutumia chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya bia ya mtu mwingine, ikanywewa, ikaoshwa, na kujazwa tena.

Makala haya yanachunguza namna watengenezaji wa bia ya nyumbani walivyochagua na kutumia upya chupa nchini Uingereza na Marekani, tangu mwaka 1615 hadi 1979. Hoja inayojengwa ni kwamba uchaguzi huo haukuwa suala la ladha peke yake. Uliamuliwa na mambo matatu: uimara wa kioo, aina ya kizibo, na sheria iliyosema chupa ni mali ya nani na inaruhusiwa kubeba nini.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, inafaa kubainisha mapema kwa nini tatizo hili halikujitokeza kwa sura hiyohiyo katika pombe za jadi. Mbege ya Wachaga, inayotokana na ndizi na ulezi, na busaa ya Kenya, hunywewa zingali zinachacha. Kibuyu na kata havifungwi kwa nguvu, hivyo gesi hupata njia ya kutoka. Tatizo la chupa huanza pale kinywaji kinapotakiwa kukaa wiki au miezi bila kuharibika, kisha kitoe povu siku ya kufunguliwa.

2.0 Kinachotokea Ndani ya Chupa

Hamira hula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi ya kaboni. Mtengenezaji wa nyumbani husubiri uchachu wa kwanza umalizike, kisha huongeza sukari kidogo, kwa kawaida gramu 5 hadi 7 kwa lita, na kufunga chupa. Hamira iliyobaki hula sukari hiyo, na gesi isiyo na pa kutokea huyeyuka ndani ya bia. Katika joto la kawaida la chumba, shinikizo ndani ya chupa ya namna hiyo hufikia karibu mara tatu ya shinikizo la hewa ya nje.

Chupa nzuri ya bia hubeba mzigo huo bila taabu. Hatari huja kwa njia tatu. Kwanza, bia ikifungwa kabla uchachu haujaisha, sukari iliyosalia huzalisha gesi kuliko ilivyokusudiwa. Pili, vijidudu vya porini vilivyobaki katika chupa isiyooshwa vizuri huendelea kula aina za sukari ambazo hamira ya bia haiziwezi. Tatu, kioo chenyewe kinaweza kuwa chembamba au kimekwaruzwa. Mkwaruzo mdogo hupunguza sana uwezo wa kioo kuhimili shinikizo, na chupa iliyotumika mara nyingi hukusanya mikwaruzo. Kutumia chupa upya, kwa hiyo, kulihitaji jicho la kuikagua: kuishika kwenye mwanga, kupapasa mdomo wake kwa kidole, na kuitupa yenye ufa hata kama ni ya mwisho.

Rangi nayo ina sababu yake. Mwanga huvunja viambato vya uchungu vinavyotokana na hopsi na kuzalisha harufu mbaya, inayofananishwa na ya mnyama anayeitwa kicheche. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Kioo cha kijani huzuia kidogo, na kioo cheupe karibu hakizuii chochote.

3.0 Chupa ya Kiingereza, 1615–1845

Masimulizi yanayojulikana zaidi kuhusu asili ya bia ya chupa yanamhusu Alexander Nowell, mkuu wa kanisa la St Paul's, London, aliyefariki mwaka 1602. Thomas Fuller, katika kitabu chake kuhusu watu mashuhuri wa Uingereza kilichochapishwa mwaka 1662, anasimulia kwamba Nowell aliisahau chupa ya bia nyasini alipokuwa akivua samaki. Siku kadhaa baadaye aliikuta, na ilipofunguliwa ilitoa mlio kama wa bunduki. Ukweli wa kisa hicho hauwezi kuthibitishwa, na Fuller aliandika miaka 60 baada ya kifo cha mhusika. Thamani yake kwa mwanahistoria iko kwingine: kinaonyesha kwamba kufikia katikati ya karne ya 17, wasomaji wa Kiingereza walikwishaifahamu nguvu ya bia iliyofungwa.

Ushahidi ulio imara zaidi unatoka katika kitabu cha Gervase Markham, *The English Housewife*, cha mwaka 1615. Markham aliwaandikia wanawake wenye jukumu la kupika bia ya kaya. Anaelekeza chupa ziwe za mviringo na zenye mdomo mwembamba, zifungwe kwa vizibo vya gome la mwaloni, zizikwe kwenye mchanga katika ghala la baridi, na vizibo vyake vifungwe kwa uzi imara visije vikaruka. Kila agizo linajibu tatizo la shinikizo. Umbo la mviringo hugawa nguvu sawasawa, mdomo mwembamba hupunguza eneo linalosukumwa na gesi, baridi hupunguza kasi ya hamira, na mchanga huituliza chupa na kupokea vipande ikipasuka.

Mwaka huohuo wa 1615, tangazo la mfalme James wa Kwanza lilipiga marufuku matumizi ya kuni katika matanuri ya kioo, kwa kuwa mbao zilihitajika kwa ujenzi wa meli. Watengenezaji wa kioo walihamia kwenye makaa ya mawe, yenye joto kali zaidi, na katika miongo iliyofuata Uingereza ikawa mashuhuri kwa chupa nzito, nyeusi na ngumu. Agizo lililotolewa kwa ajili ya misitu na meli lilichangia hivyo kuipatia jikoni chupa inayoweza kubeba gesi.

Hata hivyo chupa hiyo haikuwa rahisi kupatikana. Kodi ya kioo iliyoanzishwa katika miaka ya 1740 ilitozwa kwa uzito, ikamuumiza zaidi aliyehitaji kioo kinene. Ilifutwa mwaka 1845. Kwa karne nzima chupa ilikuwa mali ya kutunzwa, na kuitumia tena lilikuwa jambo la kawaida ambalo halikuhitaji kutetewa.

4.0 Kizibo na Mashine, 1875–1903

Kizibo cha gome kilikuwa na kasoro mbili kwa mtumiaji wa nyumbani: kilihitaji kufungwa kwa uzi au waya, na mara nyingi hakikufaa kutumika tena. Tarehe 5 Januari 1875, Charles de Quillfeldt wa New York alipata hataza ya kizibo kinachoshikiliwa na waya uliobaki daima shingoni mwa chupa. Kwa mtengenezaji wa nyumbani huu ulikuwa ufumbuzi uliokaribia ukamilifu. Chupa na kizibo vilikuwa kitu kimoja, na kilichochakaa ni mpira mdogo wa kuzuia gesi, ambao ungeweza kubadilishwa.

Viwanda vilichagua njia nyingine. Tarehe 2 Februari 1892, William Painter wa Baltimore alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno pembezoni, kilekile kinachojulikana leo katika kila duka la soda Afrika Mashariki. Kilikuwa rahisi mno kiasi cha kutupwa baada ya kutumika mara moja. Lakini kilihitaji mdomo wa chupa wenye kipimo kisichobadilika, jambo lililokuwa gumu kwa chupa zilizopulizwa kwa kinywa. Mashine ya Michael Owens ya Toledo, Ohio, iliyokamilika mwaka 1903, iliondoa kikwazo hicho kwa kutoa chupa zinazofanana.

Mambo hayo mawili yalibadilisha hali ya kaya bila kuikusudia. Kwa kuwa milango ya chupa za viwanda mbalimbali sasa ilikuwa na kipimo kimoja, mtu mwenye kifaa kidogo cha mkono cha kubana vizibo aliweza kuifunga chupa ya kiwanda chochote. Hapo ndipo chupa iliyokwisha kutumika ilipopata thamani ya pekee nyumbani.

Suala la umiliki nalo likajitokeza. Viwanda vingi viliandika jina lao kwenye kioo chenyewe, na majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kulinda chupa zilizosajiliwa. Amana aliyolipa mnunuzi ilikuwa dhamana ya kurudisha chupa; haikuwa bei ya kuinunua. Aliyeijaza chupa hiyo bia yake mwenyewe alitumia, kwa maana kali ya sheria, mali ya mwingine.

5.0 Miaka ya Marufuku, 1920–1933

Marufuku ya vileo nchini Marekani yalianza kutekelezwa tarehe 17 Januari 1920. Sheria ya Volstead iliweka kikomo cha asilimia 0.5 ya kileo. Iliacha mwanya kwa maji ya matunda yaliyotengenezwa nyumbani, lakini si kwa bia. Viwanda vilivyonusurika viligeukia bidhaa nyingine, miongoni mwazo sharubati nzito ya kimea katika makopo. Kampuni kama Anheuser-Busch na Pabst ziliiuza waziwazi kwa matumizi ya jikoni, ingawa wanunuzi wengi hawakuwa na nia ya kuoka mkate.

Sharubati, sukari na hamira vilipatikana dukani. Chupa zilipatikana nyumbani: za bia ya zamani, za soda, na za bia isiyolevya. Wanafamilia waliziosha, wakazijaza na kuzibana katika vyumba vya chini ya nyumba. Kwa kuwa wengi hawakuwa na ujuzi wa kupima mwisho wa uchachu, milipuko ya chupa ikawa sehemu ya kumbukumbu za kipindi hicho. Chupa ya soda iliyotengenezwa kuhimili shinikizo ilifaa. Ya maziwa au ya dawa haikufaa. Tofauti hiyo ilijifunzwa kwa hasara.

Sheria nayo haikuitazama chupa tupu kama chombo kisicho na hatia. Mwaka 1930, katika kesi ya Danovitz, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mapipa, chupa, vizibo na lebo vilivyouzwa kwa namna ya kuwavutia watengenezaji wa pombe haramu vinaweza kutaifishwa, hata vikiwa vitupu. Kwa mujibu wa mahakama hiyo, utengenezaji wa kileo ulijumuisha mchakato mzima hadi kukitia ndani ya chombo. Uamuzi huo ulithibitisha kisheria kile ambacho kaya zilikwishakijua kwa vitendo: bila chupa, kazi ya bia haijakamilika.

Marufuku yalifutwa tarehe 5 Desemba 1933. Divai ya nyumbani iliruhusiwa, lakini bia ya nyumbani iliachwa nje, na ikaendelea kuwa kosa la sheria ya shirikisho kwa miaka 45 zaidi.

6.0 Chupa Isiyorudi, 1935–1979

Tarehe 24 Januari 1935, bia ya kopo iliuzwa kwa mara ya kwanza mjini Richmond, Virginia. Kopo halikurudishwa, na viwanda vya kioo vilijibu kwa kutengeneza chupa nyepesi za kutumika mara moja. Baadaye zilikuja chupa zenye vizibo vya kuzungusha kwa mkono. Mdomo wake una hesi, na kizibo kinachobanwa kwa kifaa cha nyumbani hakishiki juu yake kwa uhakika. Mtengenezaji wa nyumbani akajikuta amezungukwa na chupa nyingi kuliko wakati wowote, huku zinazomfaa zikipungua.

Uchaguzi ukawa makini zaidi. Zilizotafutwa ni chupa za kahawia, nzito, zenye mdomo laini usio na hesi. Chupa za divai yenye povu zilithaminiwa kwa unene wake, lakini zilihitaji uangalifu wa kipimo: za Marekani hupokea kizibo cha milimita 26, ilhali nyingi za Ulaya huhitaji cha milimita 29. Chupa za divai ya kawaida, ingawa zinafanana kwa mbali, hazikutengenezwa kwa shinikizo, na hazifai.

Sheria ilianza kubadilika katika pande zote mbili za Atlantiki. Nchini Uingereza, leseni iliyotakiwa tangu sheria ya mwaka 1880 ilifutwa na waziri wa fedha Reginald Maudling mwaka 1963. Nchini Marekani, jimbo la Oregon lilipitisha mwaka 1971 sheria ya amana ya chupa na makopo, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Amana ya kawaida ilikuwa senti 5, lakini ya chupa sanifu zinazoweza kujazwa na viwanda mbalimbali ilikuwa senti 2 tu, ili kuzifanya zivutie zaidi. Tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu bia ya nyumbani, kuanzia Februari 1979, kwa kiwango cha galoni 100 kwa mtu mzima mmoja, au 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Galoni 200 ni takribani lita 757. Kwa chupa za mililita 355, ni zaidi ya chupa 2,100 kwa mwaka. Uhuru wa kisheria ulikuja wakati ambapo mfumo wa chupa ya kurudishwa ulikuwa umedhoofika sana.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba bia ya nyumbani ilitegemea daima maamuzi yaliyofanywa kwa sababu nyingine: misitu ya mfalme, kodi ya uzito wa kioo, kasi ya mashine, na faida ya chupa isiyorudi. Mtengenezaji wa nyumbani alichagua miongoni mwa masalia ya maamuzi hayo, na ujuzi wake ulikuwa ni kutambua chupa ipi ingali na nguvu.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuufuatilia mjadala huu. Kreti na chupa ya amana zingali zinazunguka kati ya kiwanda, duka na baa, na chupa iliyokwisha kutumika hubeba asali, mafuta na vinywaji vya aina nyingi. Nchini Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliihalalisha chang'aa kwa masharti, mojawapo likiwa kufungashwa katika chupa za kioo. Kinywaji hicho hukenekwa na hakina shinikizo la bia. Kilichoamuliwa na chupa hapo ni mpaka kati ya halali na haramu. Mtafiti atakayechunguza utekelezaji wa sharti hilo atapaswa kuuliza maswali yaleyale yaliyoulizwa hapa: chupa imetoka wapi, ni mali ya nani, na nani aliyebeba gharama yake.