Halmashauri ya Wilaya ni ya Nani?

Husikiwa mara nyingi vijijini mwetu neno hili: "Halmashauri ni kitu cha Serikali; kazi yetu sisi ni kulipa ushuru na kunyamaza." Neno hili husemwa na wazee hata na vijana, nao walisemao hawana hila, ila wamesahau habari za miaka iliyopita. Kwa maana sisi wa Tanzania Bara tulipata kukaa zaidi ya miaka kumi na mmoja bila halmashauri za wilaya, na mambo yaliyotokea katika miaka ile yafaa kukumbukwa. Mtu hujua thamani ya kisima siku kikaukapo.

Twasoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, habari za Yethro na mkwewe Musa. Yethro alimwona Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mambo ya watu wote peke yake. Akamwonya ya kwamba kazi ile itamchosha yeye na watu pamoja naye, akamshauri kuweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, ili mambo madogo yaamuliwe karibu na watu. Shauri hilo ndilo msingi wa kila baraza la wilaya. Walakini kuligawa jambo ni kazi ngumu, na nchi yetu imejifunza hayo kwa gharama.

Zamani za Wajerumani, pande nyingi za nchi zilitawaliwa kwa maakida na majumbe. Akida aliwekwa na Serikali, mara nyingi akatoka mbali, wala hakuwa na deni la kujibu kwa watu aliowatawala. Waingereza walipokwisha kuishika nchi, Gavana Sir Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alifuata njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1926 watawala wa kienyeji walipewa mamlaka ya kuamuru na kuhukumu, tena wakapewa hazina yao. Sehemu ya kodi ilirudishwa katika hazina hiyo, nayo ikalipa mishahara ya watawala, makarani na matarishi, ikajenga zahanati na shule, ikatengeneza njia na madaraja. Hapo ndipo watu wa wilaya nyingi walipoanza kuona kodi yao ikirudi kwao kwa umbo la nyumba ya dawa.

Hata hivyo hazina ile ilikuwa na upungufu mkubwa. Watawala walijibu kwa Bwana Mkubwa wa wilaya, hawakujibu kwa walipa kodi. Angalieni habari za Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa walikuwa wameunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika, kiitwacho KNCU. Nia ilikuwa njema, ya kwamba mkulima mdogo asidanganywe kwa mizani na bei. Watawala wakatoa amri kwamba kahawa yote iuzwe kwa njia ya chama. Lakini bei ilipoanguka, watu waliona wamefungwa katika jambo ambalo hawakuulizwa vema, na mwaka 1937 ikatokea ghasia, na maghala ya chama yakashambuliwa. Chama hakikufa, kiliendelea kikawa na nguvu sana. Bali somo lilibaki: hata msaada mwema wa biashara, ukiletwa kwa amri tupu, watu huuona kuwa mzigo.

Mambo kama hayo yalitokea tena Geita. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilileta mabaraza ya namna mpya, yenye madiwani. Geita Serikali iliweka baraza la mchanganyiko wa Waafrika, Wazungu na Waasia, ingawa karibu wenyeji wote walikuwa Waafrika. Watu wakakataa. Mwaka 1958 walikusanyika kwa wingi kulipinga, na Serikali ikalazimika kuiacha njia ile. Hawakukataa shule wala zahanati. Walikataa baraza walilowekewa bila kupenda.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mabaraza ya wilaya yakawa ya madiwani waliochaguliwa, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakaondolewa kwa sheria. Mabaraza yalipewa kazi kubwa: shule za msingi, zahanati, njia za wilaya. Fedha zao zilitoka katika kodi ya wenyeji na ushuru wa mazao. Lakini mabaraza mengi yalikuwa na makarani wachache wenye ujuzi, hesabu zikaharibika, na kodi ikawa ngumu kukusanywa. Si haki kuficha hayo. Mwaka 1969 Serikali Kuu iliifuta kodi ile na ushuru ule, na kazi kubwa zikaanza kuchukuliwa na wizara. Baraza likabaki kama mwenye nyumba aliyenyang'anywa ufunguo wa ghala.

Ndipo ukaja mwaka 1972. Kwa shauri la kampuni ya Kimarekani iitwayo McKinsey, Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Mabaraza ya wilaya yalivunjwa, na baada ya muda mfupi mabaraza ya miji nayo. Mahali pake waliwekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi wa Serikali Kuu, pamoja na kamati za kushauri. Jina la mpango lilisema madaraka yanakwenda mikoani, nayo yalikwenda kweli, lakini yalikwenda mikononi mwa watumishi wala si mikononi mwa wananchi. Diwani aliyeweza kuulizwa kisimani na njiani hakuwapo tena.

Yatupasa kuwa wenye haki katika kuipima miaka ile. Shule nyingi zilijengwa, watoto wengi mno wakaanza kusoma, zahanati na mabomba ya maji yakafika vijiji vilivyokuwa havina. Tena nchi ilipatwa na mashaka yasiyotoka kwa mpango ule: ukame wa miaka ya 1973 na 1974, bei ya mafuta kupanda, na vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Hata hivyo jambo moja lilionekana wazi. Kujenga kulikuwa kwepesi kuliko kutunza. Pampu ilipoharibika, kijiji kilingoja fundi wa mkoa. Paa lilipovuja, mwalimu aliandika barua akangoja jibu. Watu walipoona kitu si chao, hawakukitunza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa navyo, na mazao yakashikwa na mamlaka za Serikali. Mkulima akakosa mahali pa kuuliza habari za bei yake.

Miji ndiyo iliyoumia kwanza kwa kuonekana. Takataka zilijaa, mifereji ikaziba, na kipindupindu kikaingia nchini. Mwaka 1978 Serikali ilirudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na pamoja nazo sheria ya kurudisha ushirika. Halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba, kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja vyama vya ushirika. Ndugu zangu, kiongozi mkuu kusema hadharani kwamba alikosa ni jambo la nadra, tena ni fundisho. Kama yeye alikiri, sisi tusisahau.

Tangu hapo halmashauri zimefanya kazi nyingi. Husimamia shule za msingi na sekondari, vituo vya afya na zahanati, na maofisa wa kilimo na mifugo. Wilaya ya Igunga ndiko ulikoanza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996, watu wakilipa kidogo kidogo wakiwa wazima ili watibiwe wakiugua, kisha mfuko ukaenea wilaya nyingine. Katika kusaidia biashara ndogo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliwekwa katika sheria mwaka 2018, na mikopo haina riba. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa, kwa kuwa ukaguzi ulionyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine havikuwa vya kweli. Mwaka 2024 ikaanza tena kwa taratibu mpya. Mama anayetaka mtaji wa cherehani alizuiliwa kwa kosa la aliyekopa akatoroka. Basi asiyerudisha mkopo hamwibii mkurugenzi. Amwibia jirani yake.

Lakini mambo ya 1969 hayajaisha kabisa. Mwaka 2017 njia za wilaya zilitolewa katika halmashauri zikapewa wakala uitwao TARURA, na mwaka 2019 maji ya vijijini yakapewa RUWASA. Huenda mafundi wa wakala wana ujuzi zaidi, na njia ikipitika tutashukuru. Ila kila kazi iondokapo mikononi mwa baraza la madiwani, mwananchi hupungukiwa mahali pa kuuliza. Hilo ndilo la kulinda, hata kama kazi yenyewe inafanywa vema.

Je, sisi wa vijijini twaweza kufanya nini? Wako wanaodhani ya kuwa haki ya kuuliza ni ya diwani peke yake. Sivyo. Sheria ile ya 1982 yasema kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, na desturi yake ni kukutana kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa mbele ya watu. Lakini mara ngapi mkutano huitwa, wakaja watu wachache, wengine wakabaki shambani au kilabuni, kisha wakalalamika jioni? Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa na mtu halina tofauti na daftari lisilokuwapo.

Basi, wasomaji wapenzi, swali letu la kwanza limepata jibu. Akida alikuwa wa Serikali, na hazina ya mwaka 1926 ilikuwa ya watawala. Baraza la Geita lilikuwa la waliolipanga, na kamati za 1972 zilikuwa za watumishi. Halmashauri ya leo kwa sheria ni yetu, lakini sheria haiwezi kuhudhuria mkutano kwa niaba yetu. Mtendaji wa kijiji atakapobandika tangazo la mkutano ujao, tulisome, tuwasomee wasiojua kusoma, tuende, tuulize kwa adabu hesabu ya ushuru wetu, na tukae mpaka tujibiwe. Musa alilisikia shauri la mkwewe, naye hakuona haya. Nasi tusione haya kujifunza kwa makosa ya jana, ili watoto wetu wasilazimike kuyajifunza upya.