Mwanamfalme Aliyetoroka Ndani ya Shela



Wengi wetu tumeshakaa sebuleni na watoto tukatazama nao ile katuni ambayo majina hubadilika lakini kisa ni kilekile. Binti mfalme amefungiwa ngomeni, walinzi wako mlangoni, na kijana shujaa anajigeuza mzee au muuza vitambaa mpaka anawapita walinzi na kumtoa binti. Watoto wanapiga makofi, na katuni inaishia pale wanapovuka mlango.

Sisi watu wa Unguja tunacho kisa cha namna hiyo kilichotokea kweli, hapa hapa Mjini, mwezi wa Oktoba 1859. Ila kwetu aliyezingirwa alikuwa mwanamfalme, na waliomtoa ni dada zake. Na kwa kuwa ni kisa cha kweli, hakikuishia mlangoni.

Seyyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, njiani kurudi Unguja kutoka Oman. Mwanawe Majid akashika utawala wa Unguja. Ndugu yake Barghash hakuridhika, akaanza kukusanya watu wa kumpindua. Nyumba ya kifalme ikagawika. Bi Khole, ambaye magofu ya jumba lake bado tunayaona kule Bungi, alikuwa upande wa Barghash. Bi Meje, dada wa Barghash wa baba na mama, naye alikuwa huko.

Aliyepata taabu zaidi ni mdogo wao Salme, binti wa miaka 15. Alikuwa ameishi vizuri na Majid, na hakuwa na ugomvi naye. Lakini alimpenda mno Bi Khole, na mapenzi hayo yakamvuta. Tena alikuwa na kitu ambacho mabinti wengi wa jumba la kifalme hawakuwa nacho: alijua kuandika. Alijifunza kwa siri, akiiga herufi za Msahafu na kuziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo akafanywa mwandishi wa njama. Barua za kuita watu na kuagiza silaha zilitoka mkononi mwake.

Majid alipogundua, aliizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Wafuasi wa Barghash walikuwa wanamsubiri shamba, katika jumba liitwalo Marseilles, lakini yeye hakuweza kutoka. Hapo ndipo dada zake walipopanga hila.

Usiku walitoka na kundi kubwa la wanawake, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa askari. Walipozuiwa, Bi Khole na Salme walijitokeza mbele wakazungumza wenyewe na mkuu wa askari, jambo ambalo mabinti wa Sultani hawakuwa wakilifanya. Walitaka ruhusa ya kumwona ndugu yao. Yule mkuu alishikwa na haya kusemeshwa na mabinti wa Seyyid Said ana kwa ana, akawaruhusu kuingia.

Ndani, kazi ngumu ilikuwa kumshawishi Barghash. Mwanamme mwenye fahari kama yeye kuvaa nguo za kike! Mwisho alikubali. Wakamfunika shela, ambayo siku zile ilikuwa nguo nyeusi ya hariri ya kutokea nje, siyo hii ya biharusi tunayoijua leo. Wakamwacha macho tu. Mdogo wao Abdulaziz naye wakamvisha vivyo hivyo. Wanawake warefu wakawekwa karibu na Barghash ili kimo chake kisimfichue. Kisha wakatoka taratibu wakizungumza, kama wageni wanaorudi kwao, na askari wakawapisha kwa heshima. Walipofika nje ya mji, Barghash aliivua shela na kukimbilia kwa watu wake.

Katuni ingeishia hapa. Sisi tuendelee.

Majid aliomba msaada kwa Waingereza, na Marseilles ikashambuliwa na kuvunjwa. Watu wengi walikufa. Barghash alirudi mjini kwa kujificha, akazingirwa tena, na safari hii akasalimu amri. Alipelekwa Bombay, akakaa uhamishoni kiasi cha miaka 2. Majid hakuwaadhibu dada zake, lakini ndugu hawakurudi kuwa kama zamani. Baadaye Salme alipopatana na Majid, wale aliowaponya walimwona msaliti.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Alikuwa amependana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na asingeweza kubaki hapa kwa salama. Mwaka 1867, kule Aden, alibatizwa na kuolewa naye, wakaenda Hamburg. Hesabu yake iko kwa Mola wake, sisi hatuna la kuongeza. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali, akamwachia watoto 3 wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka huohuo Majid naye alifariki, na Barghash akawa Sultani.

Ndiye Barghash tunayemsifu kwa Beit al-Ajaib na kwa maji ya mferejini. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na wanawe, akitaka kupatana na kupata haki yake ya urithi. Barghash hakukubali hata kumpokea. Yule aliyemvisha shela akamtoa katikati ya askari hakufunguliwa mlango.

Tunapofikiria kisa hiki hutujia dada mwingine, dada wa Nabii Musa, alayhis salaam. Naye alimwokoa kaka yake kwa akili. Alilifuata sanduku mtoni kwa mbali, akaingia nyumbani kwa Firauni, akajifanya hamjui mtoto, akawaelekeza kwa mnyonyeshaji. Hila yake ilimrudisha mtoto kifuani kwa mama yake. Hila ya Salme ilimtoa ndugu mmoja ili akapigane na mwengine.

Ujasiri wa mabinti wa Seyyid Said hatuukatai, na tungependa mabinti zetu waujue kama wanavyojua katuni. Lakini wewe biharusi unayeingia katika nyumba ya mawifi na mashemeji, ipo siku utaombwa ufiche jambo, upeleke ujumbe, au uwe upande wa mmoja dhidi ya mwengine. Utaombwa na mtu unayempenda, kama Salme alivyoombwa. Kabla hujajibu, jiulize: je, jambo hili litawakutanisha hawa ndugu, au litawatenganisha? Salme alikuwa na miaka 15, na hakupata kungwi wa kumuuliza swali hilo. Wewe umepata.

Allah atupe akili yenye kuunga. Amin.