Amri inatoka ndani: firigisi ya kuku na damu isiyotaka kuganda

Ndugu wahitimu na wanafunzi wa Fizi na Baraka, leo tuache kidogo mihogo na michikichi.

Panga likikukata mguu shambani kule Mutambala, unabana kidonda, na baada ya dakika chache damu inasimama. Zinazoisimamisha ni chembe ndogo za damu, chembe sahani, ambazo zinashikana juu ya kidonda. Lakini chembe hizohizo zilikuwa zinapita mguuni mwako tangu asubuhi, na mikono ya kushikia ilikuwa tayari nje. Kwa nini hazikushikana? Zingeshikana bila sababu, mishipa ingeziba na wewe ungekufa. Basi kuna kitu kinazizuia na kingine kinaziruhusu.

Historia ya jibu inapita Nairobi, ingawa kidogo tu. Richard Hynes alizaliwa pale mwaka 1944, akakulia Liverpool, Uingereza. (Sitamfanya Mkenya kwa nguvu.) Mwaka 1973, akiwa London, alilinganisha seli za kawaida na seli zilizogeuzwa na virusi kuwa kama za kansa. Juu ya zile za kawaida kulikuwa na protini moja kubwa, kwenye zile nyingine ikakosekana. Ndiyo baadaye ikaitwa fibronektini, protini ya nje ambayo seli inajishikiza nayo. Mwaka 1986, yeye na wenzake Marekani wakakipa jina la integrini kile kipokezi kinachotoboa ngozi ya seli: mkono uko nje, mkia uko ndani. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Erkki Ruoslahti na Timothy Springer.

Wengi walikuwa wanaangalia ule mkono. Mimi napenda zaidi hadithi ya mkia.

Mwaka 1983, Keith Burridge na Laurie Connell walitoa protini mpya kwenye firigisi ya kuku, ndiyo, ile ambayo kwetu anawekewa baba. Wakaiita talini, kutoka neno la Kilatini la kifundo cha mguu, kwa sababu inakaa pale seli inapokanyaga chini. Ilijulikana kwamba iko pale, ila kazi yake ikabaki haieleweki vizuri. Mwaka 1999 David Calderwood na wenzake wakaonyesha kwamba kichwa cha talini kikishika mkia wa integrini kwa ndani, mkono wa nje unaamka. Mwaka 2003 kundi hilohilo, Seiji Tadokoro akiongoza ripoti, likaonyesha kwamba habari zinaweza kuingia kwa njia nyingi, lakini hatua ya mwisho ni ileile: talini kwenye mkia. Kabla ya hapo integrini imejikunja tu, kama mtu aliyelala.

Hapo ungedhani kesi imekwisha. Kumbe talini peke yake haitoshi. Mwaka 2008, watafiti wa Ujerumani waliwaondolea panya protini nyingine, kindilini-3. Talini ipo, integrini ipo, lakini chembe sahani hazikushikana na panya walivuja damu. Mwaka uliofuata kasoro hiyohiyo ikapatikana kwa watoto: damu haikatiki, maambukizi hayaishi.

Ni ugonjwa nadra sana. Lakini fikiri mtoto kama huyo kijijini kwetu. Akitokwa damu puani usiku kucha, kabla hajafika hospitali kuna mtu ameshaanza kunong'ona jina la bibi jirani. Wakifika maabara, wanahesabu chembe sahani, na hesabu inaweza kutoka nzuri kabisa. Hapo minong'ono inapata nguvu: "si mmeona, hata vipimo havina kitu!" Wakati kipimo kilihesabu mikono tu, hakikuuliza kama inaamka. Baba mzima, mama mzima. Kila mmoja amebeba nakala moja ya kasoro bila kujua, mtoto akarithi zote mbili. Bibi wa watu hana habari.

Sasa ninyi wa udaktari na maabara mnaosoma hapa: mtoto anavuja damu, hesabu ni nzuri. Mnamwambia nini mama yake, na kipimo cha pili mnamtuma akakifanyie wapi?