Mshale, nukta na mkato: alama za vekta zilitoka wapi?

Najitolea kufundisha hesabu kwa vijana wakimbizi. Nilianza kambini, sasa niko hapa Nabuyonga, Mbale.

Juzi kijana mmoja aliyesoma Kongo alinionyesha karatasi yake ya jaribio. Swali la vekta alipewa sifuri. Hesabu ilikuwa sawa, ila aliandika ∧ vile vitabu vyake vya Kifaransa vinaandika, mahali ambapo hapa Uganda tunaandika ×. Na 3.5 aliandika 3,5. Akaniuliza, "Kaka, mimi ni mjinga?"

Hapana. Alama zina historia yake.

Tarehe 16 Oktoba 1843, Hamilton wa Ireland alikuwa anatembea na mke wake kando ya mfereji kule Dublin. Fomula ya i, j, k ikamjia, akaichonga kwenye jiwe la daraja. Alama ya ∇, yaani nabla, nayo tumeipata kwake. Baadaye Maxwell akachagua neno curl kwa kipimo cha mzunguko. Mwaka 1881 Gibbs, mwalimu wa Yale kule Marekani, aliona njia ya Hamilton ni nzito. Akawachapishia wanafunzi wake kijitabu chenye nukta na ×. Wafuasi wa Hamilton walikasirika, na miaka ya 1890 walibishana sana kwenye majarida ya sayansi. Kitabu cha Wilson cha 1901 ndicho kilichoeneza alama za Gibbs. Waitaliano Burali-Forti na Marcolongo wao walitumia ∧, na Wafaransa wengi wakaipenda. Curl wanaiita rot.

Kwa hiyo hizi alama ni makubaliano ya watu tu, na kila upande una yake.

Shida ni kwamba kompyuta haikuulizi ulisoma wapi. Ukiandika 3,5 kwenye Python, haikatai. Inachukua namba mbili, 3 na 5. Kwenye NumPy, alama ya * inazidisha vekta namba kwa namba, kwa hiyo lazima uandike dot au cross. Hata wakubwa hawakubaliani: mwaka 2025 programu ya SciPy ilileta amri mpya, sph_harm_y, ju ya majina ya pembe mbili, theta na phi, ambayo amri ya zamani iliyapanga kinyume na wanafizikia wengi.

Mnakumbuka mwisho wa Julai 2022, mto Nabuyonga ulipofurika na watu wakafa? Anayetaka kukadiria mafuriko kwa kompyuta anaandika mwendo wa maji kama vekta. Akichanganya alama, maji kwenye skrini yanaweza kwenda upande ambao siyo, na programu isiseme kitu.

Basi vijana, kabla ya kuanza hesabu, andikeni juu ya karatasi alama zenu zina maana gani. Na ninyi walimu na wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba: mtoto akija na alama ngeni, kwanza muulizeni alisoma wapi, ndipo mtoe alama.

Yule kijana tumemchorea safu mbili kwenye daftari, Kongo huku, Uganda huku. Sasa yeye ndiye anawaelekeza wengine.